Kijiji cheupe kilimani: nani aliyekipaka chokaa?

Kila msimu wa likizo ukifika Ulaya, picha za aina ileile huanza kuzunguka kwenye simu zetu. Nyumba nyeupe zimepandana mlimani, vyungu vya maua vimeangikwa ukutani, ngazi za mawe zinapinda na kupotelea juu, na kwa mbali bahari inang'aa. Chini ya picha, mabishano. Mmoja anasema hapo ni Santorini, Ugiriki. Mwingine anaapa ni Moroko. Wa tatu anataka kufunga mjadala: hivyo ni vijiji vya Waarabu huko Hispania, walivipaka rangi nyeupe kwa sababu ya joto, Wahispania wakavirithi kama vilivyo.

Huyo wa tatu ndiye anayesadikika zaidi, na ndiye aliyenifanya niandike. Maneno yake yana chembe za kweli ndani yake, na kosa lililokaa ndani ya ukweli ni gumu kulitoa kama mwiba uliovunjikia nyayoni. Nataka tulitoe taratibu. Nitatumia kijiji kimoja kama mfano, Frigiliana, kilicho kilomita kama 6 kutoka mji wa pwani wa Nerja, mashariki ya Málaga, kusini mwa Hispania. Kina wakazi takriban 3,000, kiko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, na ukisimama kwenye ngazi zake za juu unaiona Mediteranea yote imetandazwa mbele yako.

Kwanza tuelewane maneno

Wenyeji huviita pueblos blancos, yaani vijiji vyeupe. Neno pueblo hubeba maana mbili: kijiji, na pia watu wenyewe, umma. Vimetapakaa katika Andalusia, jimbo la kusini kabisa la Hispania bara. Vingi viko ndani kidogo, katika milima ya Cádiz na Ronda: Arcos de la Frontera, Grazalema, Olvera, Zahara de la Sierra. Vingine vinaitazama bahari kutoka juu, kama Frigiliana, Mijas, Casares, Salobreña na Vejer de la Frontera.

Andalusia ya leo si sawa na al-Andalus. Al-Andalus ni jina la eneo lote la rasi ya Hispania na Ureno lililokuwa chini ya watawala Waislamu tangu mwaka 711, eneo lililopungua karne hadi karne mpaka likabaki ufalme mmoja mdogo wa Granada, nao ukaanguka tarehe 2 Januari 1492. Andalusia ni jimbo la sasa lenye bunge na bendera yake. Jina limerithiwa, mipaka haikurithiwa.

Kisha kuna neno moro. Wahispania walilitumia kwa Mwislamu yeyote aliyetoka ng'ambo au aliyezaliwa hapohapo: Mwarabu, Mberberi wa milima ya Afrika Kaskazini, hata mtoto wa mzawa aliyesilimu vizazi sita nyuma. Ni kama sisi tunavyosema "Mzungu" kwa Mwingereza, Mjerumani na Mpolandi bila kutofautisha. Leo neno hilo likitupiwa mtu wa Moroko barabarani linaumiza, kwa hiyo usilichukue kama jina la heshima kwa sababu tu umelisoma kwenye kibao cha watalii. Mwislamu aliyebaki chini ya mfalme Mkristo aliitwa mudéjar. Yule aliyebatizwa, mara nyingi kwa kulazimishwa, aliitwa morisco. Neno hili la mwisho tulishike, maana bila hilo kijiji cha Frigiliana hakieleweki.

Juu ya kilima, kwa nini?

Jibu fupi ni usalama. Jibu refu lina tabaka.

Baada ya Córdoba kutekwa mwaka 1236 na Sevilla mwaka 1248, ufalme wa Granada uliendelea kuwapo kwa karibu miaka 250 ukiwa umepakana na Castilla, ufalme wa Kikristo. Mpaka ule haukuwa na uzio. Watu wa upande huu walivuka usiku kuchukua ng'ombe na mateka, wa upande ule wakalipiza. Ukiwa mkulima katika nchi ya namna hiyo, unalala juu, karibu na ngome, na unashuka alfajiri kulima. Ndiyo sababu miji mingi ya eneo hilo ina mkia uleule kwenye jina: Arcos de la Frontera, Vejer de la Frontera, Jimena de la Frontera. Maana yake ni "ya mpakani".

Mpaka ulipokwisha mwaka 1492, hatari ilihamia baharini. Maharamia kutoka Afrika Kaskazini walishambulia pwani ya Hispania kuchukua watumwa, kama ambavyo merikebu za Kihispania nazo zilivyokuwa zikichukua watumwa upande wa pili. Ukiendesha gari kando ya pwani ya Málaga na Granada utaona minara ya mawe imesimama peke yake juu ya miamba. Ilikuwa ya walinzi: moshi mchana, moto usiku, na kijiji cha juu kinapata habari kabla mashua haijagusa mchanga.

Watu wengi huishia hapo, kana kwamba kilima ni woga mtupu. Lakini angalia pia shamba liko wapi. Katika nchi ya milima, ardhi tambarare yenye udongo mzuri ni dhahabu, na hakuna mkulima mwenye akili anayejenga nyumba juu ya dhahabu yake. Nyumba hukaa kwenye mwamba, bonde huachiwa mazao. Halafu maji. Safu ya milima ya Almijara iliyo nyuma ya Frigiliana ni ya mawe ya jamii ya chokaa na marumaru, mawe yanayomeza mvua na kuitoa chini yake kama chemchemi. Mlima uleule unaokupa maji ndio unaokupa jiwe la kuchoma chokaa. Mtu akijenga pale hajakimbia kitu. Amekaa penye riziki.

Na vichochoro? Mwongoza watalii atakwambia vilipindishwa ili adui apotee. Maelezo hayo ni matamu, na adui kweli angepotea, lakini sidhani kama ndiyo sababu. Aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu anajua jinsi mitaa ya namna hiyo inavyozaliwa: baba anajenga, mwana anaongeza chumba ubavuni, jirani anaegemeza ukuta wake kwenye wa kwako, na kinachobaki katikati ndicho kinachokuwa njia. Upana wake unaamuliwa na punda mwenye mzigo. Mlimani kuna jambo moja zaidi: njia hufuata mgongo wa kilima, kwa sababu ikinyooka moja kwa moja hakuna mnyama atakayepanda na mvua itageuka mto. Faida ya kivuli ilikuja humohumo. Kichochoro chembamba chenye kuta ndefu huonja jua kwa muda mfupi tu kwa siku.

Chokaa ni jiwe linalorudi kuwa jiwe

Sasa weupe wenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Wengi wetu tunadhani chokaa ni rangi ya bei nafuu. Tunaiona kwenye mashina ya miti na mawe ya kando ya njia katika shule na ofisi za serikali, tunaona inafifia baada ya masika, basi. Lakini rangi ya dukani na chokaa ni vitu viwili tofauti kabisa. Rangi ni ngozi inayobandikwa juu ya ukuta. Chokaa inakuwa sehemu ya ukuta.

Jiwe la chokaa huchomwa tanurini kwa joto la nyuzi kama 900. Likifika hapo linatoa hewa ya kaboni, ileile tunayoitoa puani na inayofanya soda ibubujike. Kinachobaki ni donge jepesi, kali, lenye kiu. Ulimwagie maji na litachemka lenyewe bila moto, litavuma na kupasuka. Mafundi wameungua macho kwa kulichezea. Likishatulia na kukaa muda mrefu ndani ya maji, linakuwa uji mweupe laini. Ukiupaka ukutani, siku kwa siku unavuta tena ile hewa ya kaboni uliyoipoteza tanurini, na unageuka kuwa jiwe upya. Kwa hiyo kila mpako wa chokaa ni utando mwembamba wa jiwe juu ya jiwe.

Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa sana hapa. Nyumba za Lamu, Zanzibar na Kilwa zilijengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo juu ya kuni za mikoko. Kemia ni moja. Tofauti ni kwamba wenzetu walichimba mlimani na sisi tulichimba ufukweni.

Chokaa ile ina tabia mbili zinazoeleza karibu kila kitu kuhusu vijiji hivi. Ya kwanza: inapumua. Unyevu uliomo ukutani hutoka kupitia kwake. Ya pili: ikiwa mbichi ni kali mno, na vijidudu na ukungu haviuwezi ukali huo. Ndiyo maana sisi humwaga chokaa chooni.

Tabia hii ya pili ndiyo inayompinga yule msemaji wetu wa tatu. Chokaa ilijulikana Hispania tangu enzi za Warumi, na Waislamu wa al-Andalus waliitumia sana. Lakini desturi ya kupaka kijiji kizima nje, mtaa kwa mtaa, mwaka baada ya mwaka, ilishika mizizi baadaye, na sababu moja kubwa ilikuwa magonjwa. Tauni ilirudi na kurudi. Mwaka 1800 homa ya manjano iliua maelfu Cádiz na Sevilla, na muda mfupi baadaye ikaingia Málaga. Kuanzia 1833 ikaja kipindupindu. Hakuna aliyejua mbu anahusikaje wala bakteria ni nini, ila watu waliona kwamba penye chokaa panakuwa safi, na wakuu wa miji wakaamuru nyumba, makanisa na hospitali zipakwe. Amri ya wakati wa maradhi ikageuka mazoea ya wakati wa afya.

Kabla ya hapo rangi zilikuwapo. Katika jiji la Málaga, mafundi wa kukarabati majengo wamefunua kuta za karne ya 18 zilizochorwa nguzo za uongo, mapambo na rangi nyekundu na za udongo. Kwa hiyo anayetazama kijiji cheupe akidhani anaona mwaka 1400 umehifadhiwa kwenye barafu, anaona kitu cha karibu zaidi.

Na joto je? Joto ni kweli, tena sana. Ukuta mweupe hurudisha jua lilikotoka, kama kanzu nyeupe inavyomfaa mtu adhuhuri. Ukiongeza unene wa kuta za mawe, madirisha madogo na vyumba vinavyopitisha upepo usiku, unapata nyumba inayovumilika hata pale upepo wa terral unaposhuka kutoka bara kuelekea Málaga na kuifanya hewa iwe kama ya mdomo wa tanuri. Ila joto peke yake halitoshi kueleza. Grazalema ni cheupe kama vingine, na Grazalema iko miongoni mwa sehemu zinazonyesha mvua nyingi kuliko zote Hispania, kiasi cha milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na baridi yake ya mlimani si ya mchezo. Pale weupe haukupakwa kukimbia jua.

Kazi yenyewe kwa vizazi vingi ilikuwa ya wanawake. Majira ya kuchipua yakikaribia, au sikukuu ya kijiji, walifunga brashi kwenye mwanzi mrefu, wakachanganya chokaa kwenye ndoo, wakaanza. Jirani mwenye ukuta uliofubaa alisemwa. Mpako juu ya mpako, miaka mia na zaidi: ndiyo maana katika nyumba za zamani pembe za kuta hazina makali, zimeviringika kama sabuni iliyotumika. Usifikiri fundi alizichonga hivyo. Ni unene wa chokaa ya mama, bibi na mama wa bibi.

Ujuzi huo ulikaribia kufa rangi za plastiki zilipoingia. Plastiki ni rahisi, inakaa muda mrefu bila kupakwa upya, lakini inaziba pumzi za ukuta; unyevu unabaki ndani na plasta inaanza kuvimba na kubanduka. Waliotia saruji juu ya nyumba za mawe Mji Mkongwe wameyaona hayohayo. Mji wa Morón de la Frontera, mkoa wa Sevilla, uliendelea kuchoma chokaa kwa njia ya zamani, na mwaka 2011 UNESCO iliandikisha juhudi zake za kufufua ufundi huo kama mfano mwema wa kuhifadhi urithi.

Mwaka huohuo wa 2011 kijiji cha Júzcar, milimani karibu na Ronda, kilipakwa buluu chote, kanisa na makaburi pamoja, kwa ajili ya kutangaza filamu ya katuni. Kampuni iliahidi kurudisha weupe. Wageni wakafurika, wakazi wakapiga kura, wakaamua kubaki na buluu. Naona kisa hiki kinafundisha kuliko vitabu vingi: weupe wa vijiji vile ni uamuzi unaorudiwa. Leo katika vijiji vingi halmashauri ndiyo inayolinda sura hiyo kwa kanuni za ujenzi, na utalii una mkono mkubwa humo.

Walioondolewa

Sehemu ya maelezo inayorukwa mara nyingi ni hii: je, wanaoishi humo ni wajukuu wa waliojenga?

Granada iliposalimu amri mwaka 1492, Waislamu waliahidiwa kwa maandishi kwamba wataachwa na dini yao, sheria zao na misikiti yao. Ahadi haikudumu hata miaka 10. Kufikia mwaka 1502 waliobaki katika himaya ya Castilla walitakiwa kuchagua ubatizo au kuondoka. Hapo ndipo moriscos walipozaliwa. Mwaka 1567 ikaja amri nyingine: marufuku Kiarabu, marufuku mavazi yao, marufuku mabafu yao na majina yao. Usiku wa kuamkia Krismasi ya 1568, milima ya Granada ikaasi.

Frigiliana iliingia vitani mwaka uliofuata. Moriscos wa vijiji vya jirani, wanawake na watoto wakiwamo, walipanda kwenye jabali lililo juu ya kijiji wakiamini halitapandika. Juni 1569 jemadari wa mfalme, Luis de Requesens, aliwashambulia na askari walioshuka kutoka merikebuni. Jabali likapandwa. Leo, ukitembea mtaa wa zamani unaoitwa Barribarto, utakuta vigae 12 vilivyochorwa ukutani vinavyosimulia kisa chote, pamoja na wale waliojirusha gengeni kuliko kushikwa. Visome pole pole. Watu wengi hupita wakipiga picha za milango ya buluu na hawajui wamesimama kwenye nini.

Baada ya uasi kuzimwa, moriscos wa Granada walitawanywa sehemu nyingine za Hispania, na kati ya mwaka 1609 na 1614 nchi nzima iliwafukuza, watu wapatao 300,000. Wengi waliishia Tetuán, Rabat, Tunis na kwingineko Afrika Kaskazini. Nyumba zao walipewa Wakristo walioletwa kutoka mikoa mingine. Kwa hiyo vichochoro vya Frigiliana ni vya watu walioondolewa, mpako wa chokaa ni wa watu waliokuja, na wanaosema "Wahispania walirithi" wanalitumia neno kurithi mahali ambapo hakukuwa na hiari.

Hapa pia ndipo yule aliyesema "ni Moroko" anapata nusu ya alama. Mji wa Chefchaouen, ule wa buluu, ulianzishwa mwaka 1471 na ukajazwa na Waislamu na Wayahudi waliotoka Andalusia. Pande mbili za bahari zinafanana kwa sababu watu ni walewale waliovushwa. Ukitaka kuzitofautisha kwenye picha, tazama juu: vijiji vyeupe vya Málaga na Cádiz huwa na mapaa ya vigae vyekundu vya udongo, ilhali Santorini ina mapaa bapa na makuba. Tahadhari moja tu, katika milima ya Alpujarra, ndani ya Granada, kuna vijiji vyeupe vya Kihispania vyenye mapaa bapa ya udongo wa kijivu, kama vya Waberberi.

Maneno tunayoyajua

Msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana akitembea humu. Lugha yetu na Kihispania zote mbili zilikunywa kisima cha Kiarabu, na maneno yamebaki yakitambuana.

Mkuu wa mji kwa Kihispania ni alcalde. Hilo ni al-kadhi: kadhi wetu yuleyule, amebadilishiwa kazi. Forodha ni aduana, ndugu wa diwani. Sukari ni azúcar, zeituni ni aceituna, zafarani ni azafrán. Mtu asiyetajwa jina, fulani, ni fulano. Jiwe la kutandikia njia ni adoquín, kutoka dukkan, benchi la mawe, ambalo kwetu limekuwa duka. Na Mhispania anayetamani jambo liwe husema ojalá, neno lililotokana na kumtaja Mwenyezi Mungu, "lau Mungu angependa". Analisema Mkatoliki, analisema asiye na dini.

Sukari inastahili sentensi zaidi. Muwa uliletwa pwani hii na Waislamu, ukastawi kwenye mabonde ya joto, na kutoka rasi hii ukapelekwa visiwa vya Atlantiki kisha Amerika, na tunajua kilichofuata huko kwa watu wa Afrika. Frigiliana bado ina jengo kubwa la karne ya 16 linaloitwa El Ingenio, ambamo hutengenezwa miel de caña, shira nzito nyeusi ya muwa. Jina lake maana yake ni asali ya muwa, lakini nyuki hahusiki. Huimimina juu ya bilinganya zilizokaangwa vipande vyembamba. Bilinganya ni berenjena. Hayo nayo majina ya ukoo mmoja. Kiwanda cha mwisho cha sukari cha pwani hiyo, Salobreña, kilifungwa mwaka 2006. Mabondeni sasa kuna maparachichi na maembe, na mimea hiyo ina kiu: ukame ulipozidi, bwawa la La Viñuela linalohudumia eneo hilo lilishuka chini ya asilimia 10 ya ujazo wake mwanzoni mwa 2024, kabla ya mvua nzuri za mwaka uliofuata. Mkulima wa parachichi wa Njombe au Murang'a anayeuza Ulaya yuko soko moja na watu hawa.

Ukienda

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi au Oman anahitaji viza ya Schengen, inayoruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Nduguzo wenye kibali cha kuishi Ujerumani au Ufaransa hawaihitaji kwa matembezi mafupi.

Kutoka Málaga kuna mabasi hadi Nerja, na kutoka Nerja basi jingine hukupandisha Frigiliana kwa muda mfupi. Magari hayaingii mtaa wa zamani. Vaa viatu vinavyoshika, kwa maana mawe yamesuguliwa na nyayo na huteleza hata yakiwa makavu. Fika asubuhi na mapema au alasiri ikiisha. Saa nane hadi saa kumi na moja mchana maduka mengi hufungwa na watu hupumzika, na mgeni asiyejua hulalamika kwamba kijiji kimekufa. Mwisho wa Agosti kuna sikukuu ya tamaduni tatu, ya Waislamu, Wayahudi na Wakristo. Ni ya shangwe, lakini njia zitakuwa zimejaa.

Huenda umesikia habari za maandamano dhidi ya watalii Hispania ukajiuliza kama utafukuzwa. Mwaka 2024 nchi hiyo yenye watu kama milioni 49 ilipokea wageni karibu milioni 94, na Juni mwaka huo maelfu waliandamana Málaga. Kilio chao kikubwa kilikuwa nyumba: kodi zimepanda na vyumba vimegeuzwa vya kulaza wageni wa siku tatu. Hasira yao ni kwa mpangilio huo, na mgeni mmoja anayesalimia hajakatazwa mlango. Vijiji vya karibu na pwani vimeelemewa huku vingi vya bara vikikimbiwa na vijana mpaka shule zinafungwa. Kama una siku mbili, lala kijijini badala ya kushuka ufukweni jioni, nunua mkate kwa mwokaji wa hapo, na usichungulie ndani ya nyumba na kamera. Bibi aliyekaa kizingitini amekaa kwake. Sema buenas tardes kwanza, kama ambavyo hungempita mzee wa Lamu barazani bila kumwamkia.

Kisha tafuta ukuta wa zamani, ulioviringika pembeni, na uuegemee kidogo. Bega likitoka safi, hiyo ni rangi ya plastiki. Likitoka na unga mweupe, hiyo ni chokaa, na mwakani mtu atafunga tena brashi kwenye mwanzi.